Kabla ya kuongeza watu au mashine, piga hizi hesabu kwanza

Kuna kitu nakiona sana kwa wenye biashara na mameneja wa uzalishaji, kazi ikikwama tu jibu la kwanza ni kuongeza, tuongeze watu, tuongeze mashine, tuongeze gari, tujaze stoo, halafu ukikaa chini na kalamu unakuta tatizo halikuwa uchache wa vitu, ni namna vilivyopangwa. Huu mwongozo ni kwa ajili ya mtu ambaye hana digrii ya hesabu ila ana kitu anakiendesha, karakana, stoo, kaunta ya huduma, magari ya kusambaza mzigo, na anataka kutumia data kufanya uamuzi ulio bora badala ya kukisia.

Maneno mawili yatajirudia. Analitiksi ni kuisoma data yako mpaka ujue nini hasa kinaendelea. Optimaizesheni ni kutafuta uamuzi unaozidi mingine yote ndani ya mipaka uliyonayo. Hilo tu, hakuna cha kutisha hapo.

Anza na uamuzi, sio na data

Wengi wanaanza kinyume. Wanakusanya data miezi sita, wananunua programu, wanatengeneza dashibodi yenye grafu za kila rangi, mwisho wa siku bosi anaangalia anasema vizuri, na hakuna kilichobadilika kazini. Mimi nakwambia anza na sentensi moja: ni uamuzi gani unaurudia kila siku au kila wiki, ambao ukifanywa vizuri zaidi pesa inaonekana? Uandike. "Kila Jumatatu naamua tutengeneze mabegi mangapi ya kila aina." "Kila jioni naamua gari lipi liende kwa wateja gani na kwa mpangilio upi." Ukishindwa kuandika hiyo sentensi usiende mbele, kwa sababu huna tatizo la hesabu bado, una malalamiko tu, na malalamiko hayapigiwi hesabu.

Ukiipata, chini yake andika mambo matatu. Kwanza vitu unavyoweza kubadilisha mwenyewe. Pili lengo, na liwe MOJA. Mtu anasema nataka gharama ziwe ndogo na huduma iwe nzuri kabisa, haiwezekani vyote viwili vivutwe kwa pamoja, ila kuna njia, chukua kimoja kifanye lengo na kingine kigeuze kiwe kikwazo: gharama iwe ndogo iwezekanavyo, ilimradi oda 95 kati ya 100 zifike ndani ya siku 2. Hapo sasa tumeelewana.

Tatu ni vikwazo, na hapa ndo naomba utulie maana kazi nyingi ipo hapa kuliko kwenye hesabu yenyewe. Kompyuta haikijui kitu ambacho hujakiandika. George Dantzig, huyu ndiye aliyetoa mwaka 1947 njia ya simplex ambayo hadi leo inatumika kutatua haya mambo, miaka ya 1950 alitaka kupunguza uzito akaamua kuitumia hesabu yake kujipangia chakula. Jibu la kwanza kompyuta ikamwambia anywe galoni 500 za siki kwa siku. Kumbe kwenye data siki ilikuwa imeandikwa kama haina maji ndani yake, kwa hiyo kwa kompyuta ilikuwa chakula kizito cha kushibisha. Akaitoa siki, akaendesha tena, safari hii akaambiwa ale michemraba 200 ya kuungia supu kwa siku, chumvi tupu, kwa sababu hakuna mahali alipoandika kiwango cha juu. Huyo ni mtu aliyeigundua hiyo njia! Hesabu haikukosea hata kidogo, kosa la kwanza lilikuwa kwenye data na la pili kwenye kikwazo kilichosahaulika. Hayo mawili ndiyo yatakayokusumbua na wewe.

Upande wa pili kuna vikwazo ambavyo havipo kabisa ila kila mtu anaamini vipo. "Gari hili huwa haliendi upande ule." "Mashine ya pili haitengenezi saizi ndogo." Kwa kila kikwazo uliza nani alisema na kwa nini. Vingine vina sababu nzito, sheria, usalama, mkataba na mteja, hivyo viheshimu. Vingine vilianza siku moja fundi alipoumwa na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Ukiondoa kikwazo kimoja cha mazoea unaweza kupata kuliko programu yoyote itakavyokupa.

Data: chache, ila za kweli

Huhitaji data nyingi kama unavyodhani. Kwa tatizo la kwanza miezi mitatu ya rekodi inaweza kutosha kama ni safi, labda biashara yako ina misimu, hapo utahitaji angalau mwaka mzima au miwili ili uone msimu ukijirudia. Ila angalia mitego hii.

Mauzo sio mahitaji. Siku ambayo stoki iliisha saa nne asubuhi rekodi itaonyesha umeuza kidogo, na usipokuwa makini utaagiza kidogo zaidi wiki inayofuata, na itaisha mapema zaidi, yaani unajikaba mwenyewe. Hizo siku ziweke alama, usizihesabu kama siku za mauzo madogo.

Wastani unadanganya. Sapulaya analeta mzigo kwa wastani wa siku 5, sawa, lakini kama wakati mwingine ni siku 2 na wakati mwingine ni 11 basi hiyo 5 haikusaidii kupanga. Kila wastani uandike pamoja na mtawanyiko wake, yaani namba zinapishana na huo wastani kwa kiasi gani, Excel inakupa kwa STDEV, sekunde tano.

Na muda wa kazi usiuulize ofisini, nenda ukasimame na saa mkononi. Muda ulioandikwa kwenye karatasi na muda halisi vinapishana sana, hasa kwa sababu kwenye karatasi hakuna kutafuta vifaa, hakuna kubadilisha uzi, hakuna kusubiri mtu wa zamu iliyopita amalize.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme karakana inatengeneza begi la mgongoni na mkoba. Begi moja linahitaji saa 1 ya kukata na saa 3 za kushona, linaleta faida 50. Mkoba unahitaji saa 1 ya kukata na saa 1 ya kushona, unaleta faida 30. Kwa wiki kuna saa 40 za kukata na saa 90 za kushona, na mikoba sokoni haizidi 20 kwa wiki.

Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia tengeneza mabegi, si ndiyo yenye faida kubwa. Haya, mabegi tupu: saa 90 za kushona zinatoa mabegi 30, faida 1500, na fundi wa kukata anakaa bila kazi saa 10. Sasa jaribu mabegi 25 na mikoba 15. Kukata 25 + 15 = 40, kushona 75 + 15 = 90, saa zote zimetumika, faida ni 1250 + 450 = 1700. Watu ni walewale, mashine ni zilezile, na faida imeongezeka 200 kila wiki kwa kubadilisha mchanganyiko peke yake.

Kitamu chenyewe kiko mbele. Swali la bosi huwa ni tukilipa ovataimu tuiweke wapi? Kila mtu ataelekeza kushona, ndiko kunakoonekana kuelemewa, saa nyingi zinaenda huko. Piga hesabu. Ongeza saa 1 ya kushona, mchanganyiko bora unakuwa mabegi 25.5 na mikoba 14.5, faida 1710, imepanda 10. Ongeza saa 1 ya kukata, unakuwa mabegi 24.5 na mikoba 16.5, faida 1720, imepanda 20. Saa ya kukata ina thamani mara mbili ya saa ya kushona! Kama saa moja ya ovataimu inagharimu 12, ukiiweka kwenye kukata unapata 8, ukiiweka kwenye kushona unapoteza 2. Hakuna mtu atakayeliona hilo kwa macho, na hii thamani ya saa moja ya ziada naona ndo kitu chenye faida kuliko vyote kwenye optimaizesheni, kuliko hata jibu lenyewe. (Nusu begi isikusumbue, ni begi ambalo litamaliziwa wiki inayofuata. Kwa vitu visivyogawanyika kama magari utaiambia programu itoe namba kamili tu.)

Ila hiyo thamani ina mwisho. Ukiongeza kama saa 3 na theluthi za kukata mikoba inafika 20, soko limejaa, na kuanzia hapo saa ya kukata haina thamani tena, sifuri kabisa. Kwa hiyo ukipata hiyo thamani ya 20 usikimbilie kununua mashine mpya ya kukata, uliza kwanza itadumu mpaka wapi.

Tatizo la aina hii ndilo alilopelekewa Leonid Kantorovich huko Leningrad, kiwanda cha plaiwudi kikitaka kujua kazi ipi ipewe mashine ipi. Kazi yake ilitoka 1939, na mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans wakapewa Nobel ya uchumi. Nalitaja hili kwa sababu watu wanadhani haya mambo yanahitaji akili bandia ya juzi, wakati msingi wake ulianza kwenye kugawa kazi kiwandani.

Kuiweka kwenye Excel

Excel ina kifaa kinaitwa Solver, kinakuja nayo ila kimezimwa, unakiwasha kwenye Options sehemu ya Add-ins, halafu kinatokea kwenye Data. Weka seli mbili tupu za idadi, moja ya mabegi moja ya mikoba. Seli nyingine iwe na faida kwa SUMPRODUCT (inazidisha kila idadi kwa faida yake halafu inajumlisha). Halafu seli za saa za kukata zilizotumika, saa za kushona zilizotumika, na pembeni yake saa zilizopo. Fungua Solver, lengo ni seli ya faida, chagua Max, seli za kubadilisha ni zile mbili, ongeza vikwazo vitatu (kukata, kushona, soko la mikoba), acha tiki kwenye sehemu inayozuia namba hasi, na njia chagua Simplex LP. Bonyeza Solve. Ikimaliza kabla hujafunga chagua ripoti ya Sensitivity, humo ndimo utazikuta zile 20 na 10 na mipaka yake, chini ya jina Shadow Price.

Ukichagua njia nyingine kama GRG kwa tatizo la mistari minyoofu kama hili (ukizidisha idadi mara mbili, saa na faida nazo zinakuwa mara mbili) jibu linaweza kutoka lakini ripoti inakuwa tofauti, kaa na Simplex LP. Solver ya kawaida ina kikomo cha seli 200 za kubadilisha. LibreOffice Calc nayo ina Solver yake ya bure. Ukizidi hapo nenda Python, lugha ya kuandikia programu, humo kuna PuLP, kuna OR-Tools ya Google, zote bure na zina nguvu kweli, ila tafadhali usianzie huko. Tatizo ambalo hujaliweza kwa seli kumi hutaliweza kwa mistari elfu ya programu.

Kama tatizo lako ni stoki

Kiasi cha kuagiza kina fomula ya mwaka 1913, aliitoa Ford W. Harris: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuweka oda moja, gawanya kwa gharama ya kutunza kitu kimoja mwaka mzima, tafuta kipeuo cha pili. Mahitaji 2400, oda moja inagharimu 50, kutunza kimoja ni 6: inatoka 200, yaani oda 12 kwa mwaka, gharama ya mwaka 1200. Ukiagiza 300 badala ya 200 gharama inakuwa 1300, umekosea kwa nusu nzima na gharama imepanda kama asilimia 8 tu. Kwa hiyo usigombane na mtu wa stoo juu ya 200 au 220, haina maana.

Kinachouma ni lini uagize. Kama unauza 20 kwa siku, mtawanyiko wa mauzo ni 8 kwa siku, na mzigo unachukua siku 4 kufika, basi weka akiba ya 1.65 × 8 × 2 (hiyo 2 ni kipeuo cha pili cha siku 4), inatoka kama 26, jumlisha 80 za kuuzwa wakati unasubiri, stoki ikifika 106 agiza. Hiyo 1.65 inakupa uhakika wa kama asilimia 95 kwamba stoki haitaisha kabla mzigo haujafika, na inachukulia kwamba sapulaya anatimiza siku zake, kama anayumba ongeza.

Kwa vitu vinavyoharibika siku ileile fomula ni nyingine na ni rahisi zaidi. Kukosa kimoja kunakupotezea faida 6, kimoja kikibaki unapata hasara 2: chukua 6 gawanya kwa 8 (6 + 2), ni 0.75. Panga mahitaji ya siku 40 zilizopita kutoka dogo hadi kubwa, angalia ya 30 (0.75 ya 40), andaa kiasi hicho. Utaona kwamba kuna siku vitabaki na ndivyo inavyotakiwa, ukiona havibaki kabisa unapoteza wateja.

Kama ni foleni

Hapa kuna jambo ambalo mameneja wengi wanalikataa mpaka waone. Wanataka mhudumu awe bize asilimia 95 ya muda, wanaona asipokuwa bize analipwa bure. Kwenye modeli rahisi ya foleni, yaani hesabu inayoiga foleni halisi, mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila mpangilio, akiwa bize asilimia 80 mteja anakaa pale kwa wastani mara 5 ya muda wa kuhudumiwa. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Asilimia tano za mwisho zimekufanyia foleni mara mbili! Nafasi ya kupumua kwa mhudumu ndiyo inayolinda muda wa mteja, na kama kuna kaunta kadhaa za kazi ileile fanya foleni moja inayolisha kaunta zote, usiweke foleni kwa kila kaunta.

Na kujua kazi inakaa ndani muda gani huhitaji kufuatilia kila oda. John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba idadi iliyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Hesabu oda zilizolala hazijatoka, ziko 120, zinaingia 30 kwa siku, basi kila moja inakaa siku 4 kwa wastani, mradi zinazoingia na zinazotoka zinalingana. Kama fundi kwa oda moja anatumia saa mbili tu za kazi, basi hizo siku zilizobaki oda imekaa inasubiri, na dawa ni kutafuta inasubiri wapi, sio kumwambia fundi aharakishe.

Kama ni magari

Vituo 10 vina mipangilio 3,628,800, kwa hiyo sahau kujaribu yote. Anza na njia ya kawaida, nenda kituo kilicho karibu zaidi ambacho hujafika, kisha chora kwenye ramani na popote ruti inapojikata yenyewe geuza kipande hicho ili isijikate. Hatua hii moja inaokoa kilomita nyingi na unaifanya kwa penseli. Magari yakiwa mengi, na wateja wana saa zao za kupokea, hapo OR-Tools inafaa.

Jaribu kwa wiki zilizopita kabla ya kugusa kazi

Chukua wiki 8 zilizopita, kwa kila wiki ipe modeli zile taarifa tu ambazo ulikuwa nazo Jumatatu ile, usiipe zilizojulikana Ijumaa, halafu linganisha jibu lake na kilichofanyika kweli. Kama haishindi uamuzi wa mtu mwenye uzoefu, kuna kitu yule mtu anakijua na wewe hujakiandika, mwite akae na wewe.

Hili nimelijua kwa uchungu. Niliwahi kupanga shifti za watu sehemu moja, hesabu ikatoka safi, saa zimepungua, kila nafasi ina mtu, nikaipeleka kwa furaha. Watu wakaikataa siku ileile, na walikuwa na haki, kuna waliopangwa kufunga usiku na kufungua asubuhi yake, kuna mama aliyewekwa saa ambazo anachukua mtoto. Vyote viwili vilikuwa vikwazo halali ambavyo sikuviandika kwa sababu sikuwauliza. Niliviongeza, saa zikapanda kidogo, na ratiba ya pili ikafuatwa.

Tangu hapo kila mpango ninaoutoa una safu moja ya ziada kulia. Mtu akiubadilisha mpango simzuii, namwomba tu aandike pale kwa nini. "Mteja huyu hapokei mzigo mchana." "Mashine ya 2 inapata joto ikizidi saa 5." Baada ya wiki nne nakaa nazisoma moja moja, sababu ikijirudia mara tatu inaingia kwenye modeli kama kikwazo, na ile iliyotokea mara moja naiacha pale pale kwenye safu mpaka ijirudie.